Kiganja Kwenye Titani

Karakana nzima ya vipuri vya roketi ilimwita Bwana Usafi, kwa jinsi alivyopangusa titani kwa spiriti kama anayemwogesha kichanga. Utani ule aliupenda. Ndiyo maneno pekee aliyoambiwa kutwa. Nyumbani kulikuwa na redio tu.

Kazi yake ilikuwa kuunganisha bomba la titani na la chuma cha pua. Metali hizo haziivi chungu kimoja: ukizichomelea hivi hivi, kiungo kinavunjika. Ndiyo maana huwekwa pete nyembamba ya vanadi, metali ya tatu, katikati, iwe msuluhishi. Na titani ikishasafishwa, ole wako ukiigusa kwa mkono mtupu. Mafuta ya ngozi yanatosha kuharibu kila kitu.

Simu nayo ilikuwa marufuku mle ndani, lakini aliificha mfukoni tangu binti yake alipoondoka kwa hasira, miezi saba iliyopita. Jumanne simu ikatikisika mfukoni. Binti yake! Akavua glavu, akapokea, na kwa kiherehere akaliegemea kwa kiganja bomba la titani alilokwisha kulisafisha. Maongezi hayakufika nusu dakika. Akavaa glavu, akachomelea huku anatabasamu peke yake.

Alikuja kukumbuka kile kiganja akiwa kwenye basi la kurudi nyumbani. Akinyamaza, watu watapaa na kiungo kibovu. Akisema, kazi hana, na asipokuwa na kazi hakuna mahali pengine duniani anapoitwa jina lolote.

Alhamisi mkaguzi, mama asiyecheka ovyo, alikuwa ameshakipiga kiungo picha ya eksirei na kukiona hakina doa. Akatoa kalamu.

"Mama, usisaini," alisema Bwana Usafi. "Niliigusa titani."

"Kwa mkono mtupu? Wewe?"

"Mimi. Nilikuwa napokea simu."

Wakakibana kiungo kwenye mashine, wakakikunja. Kikakatika kama biskuti. Mafundi wakainamia kazi zao, hata mmoja hakutania.

Mkaguzi aliviokota vile vipande viwili. "Nani huyo, Mzee, wa kukusahaulisha kazi ya miaka thelathini?"

"Binti yangu."

"Kulikuwa na msiba?"

"Hapana. Alikosea namba." Akaanza kufungua vifungo vya koti la kazi, kimoja kimoja. "Lakini alipojua ni mimi, mama, aliniamkia."