Mkaguzi Aliyesema Amina

Jumanne, tarehe 8 Julai 2025. Asubuhi kulikuwa na manyunyu na baridi. Nguo nilizoanika mtaani Mbotela nilizianua zikiwa bado mbichi.

Jioni nilikwenda darasani, katika ukumbi wa kanisa pale mtaa wa Jericho, tunakofundishwa kusoma sisi tuliokosa shule utotoni. Mwalimu Ndindi alikuwa ameshafika, akiandika ubaoni mbio mbio. Alimtarajia tena mkaguzi wa madarasa wiki hiyo.

Awali Mwalimu Ndindi alikuwa akiinama kando yako, kidole chake mbele ya chako, mpaka neno likubali kutoka. Kisha siku moja mkaguzi akaja, akakaa nyuma, akaandika kwamba tumechelewa kwenye ratiba, akaenda zake. Tangu hapo mwalimu hakuinama tena. Alifuta ubao kabla hatujamaliza kunakili. Nami mchungaji alikuwa amenipa somo nilisome kanisani Jumapili, na nilikuwa nimekwama katikati.

"Mwalimu, hata mashine za kiwandani kwetu hupumzishwa," Wabwire, mwanafunzi mwenzangu, alimtania.

"Mashine haziogopi kukaguliwa, mzee."

"Fundi wetu huzipaka mafuta kwanza, ndipo azikague."

Mwalimu alitabasamu kidogo, akaniambia nifungue kwa sala. Ilikuwa zamu yangu. Tukafumba macho.

"Baba, mtazame mwalimu wetu. Akisikia mkaguzi anakuja, hapati usingizi. Anakimbia, nasi tunaachwa. Mguse huyo mkaguzi, ajue kalamu yake inatisha. Nami nisaidie, Bwana, Jumapili nisome mpaka mwisho. Amina."

"Amina," wakaitikia wote, pamoja na sauti moja nzito kutoka mlangoni.

Nikafumbua macho. Mkaguzi, Bwana Kiilu, alikuwa amesimama pale, kofia mkononi, mabega yamelowa.

"Dada Nasambu, umetumaliza," Wabwire akaninong'oneza.

"Samahani, Bwana Kiilu," mwalimu akasema. "Mama huyu hakujua uko hapa."

"Lakini alilosema ni kweli?"

Mwalimu alipangusa chaki vidoleni. "Ni kweli. Ukikaa nyuma, nafundisha karatasi yako. Hawa siwaoni. Sikatai kukaguliwa, peke yangu sioni ninapokosea. Ila uliandika ukaondoka. Hukunisemesha."

Bwana Kiilu akaja mpaka kwenye benchi langu.

"Nisogezee, mama." Nikamsogezea. "Mwalimu, mfundishe kama ulivyozoea."

Mwalimu akainama kando yangu, kidole chake mbele ya changu. Neno lililonishinda katika somo la Jumapili lilikuwa moja tu. Nililishika kipande kwa kipande, nikarudi nyuma, nikalishika tena. Hakuna aliyenihimiza.

"Utulivu," nikasema.

Wabwire akapiga makofi peke yake, akaona haya, akaacha. Bwana Kiilu alikuwa ameifunika kalamu yake. Akasimama, akatutazama mmoja mmoja.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote," akasema, "nikija hapa nitakaa benchi moja nanyi, na sitaandika neno kabla sijazungumza na mwalimu wenu."