Inspekta wa Saa Nne Asubuhi

Ukitaka kumwalika Bi Kheiria wa mtaa wa Khuwair ya Kusini, huku kwa Waarabu, kwenye harusi, hitima au hata kumtazama mgonjwa, ungoje saa tano. Saa nne asubuhi ilikuwa saa ya inspekta. Yeye na wifi yake Shariffa, anayekaa ghorofa ya juu, walijaza birika la chai na kumtazama kwenye televisheni Mwingereza mmoja mnene mwenye mafua yasiyopona, akizunguka vijijini kwao kwenye mvua kuuliza nani kaua. Maandishi ya Kiarabu yalipita chini ya picha, na mawifi wakabishana kwa Kiswahili.

Bi Kheiria aliipenda nchi ile. Mtu anachomwa kisu bustanini na majirani wanaendelea kukata keki, hakuna anayepiga hata kelele moja ya maana! Lakini kilichomvuta hasa ni mwisho. Inspekta huwakusanya wote sebuleni, hupiga chafya, hunyoosha kidole, na jambo likaisha. Mume wa Bi Kheiria alifariki ghafla miaka minne nyuma, na hakuna daktari aliyempa sababu ikamtosha. Tangu hapo alikuwa na kiu ya mambo yanayojulikana yakaisha.

Basi Alhamisi moja baada ya adhuhuri akafungua kijaluba alimoweka kidani cha marehemu mama yake, akakuta kitambaa kitupu.

Alipekua kabati mara tatu, akainua godoro, akapiga magoti akachungulia uvunguni, na umri wenyewe ule. Hakuna. Aliporudi kwenye kile kitambaa akakisogeza puani. Kitambaa kilinukia udi, na udi wenyewe haukuwa wake.

Kila nyumba ina udi wake, unaochanganywa na mwenyewe kwa mkono wake, na pua ya Bi Kheiria haijawahi kukosea. Huu ulikuwa na zafarani nyingi na ambari ya kukoza. Aliunusa Jumatatu, mabegani mwa Bi Buthaina.

Na Bi Buthaina ni nani? Ni mama yake Azzam, mhandisi, aliyekuja kumposa Reem. Reem ndiye mtoto pekee wa Bi Kheiria, yuko mwaka wa thelathini na mbili, na alishakataa wachumba watano bila kupepesa. Kwa huyu wa sita, Reem alimwambia mama yake kwa mdomo wake mwenyewe, "Huyu nnamtaka." Jumatatu watu wa Azzam walikuja na posa. Ilipoadhiniwa alasiri, Bi Kheiria akampa mgeni chumba chake asalie, kama ilivyo ada. Bi Buthaina alikaa humo peke yake dakika kumi. Jumamosi wangerudi kupanga siku ya ndoa.

Siku mbili zile Bi Kheiria hakulala usingizi wa maana. Akisema, amemvunjia mwanawe ndoa aliyoitaka. Asiposema, anampeleka mwanawe kwa mkwe mwizi. Chakula kikawa hakipandi wala hakishuki. Kuuliza nako hakuwezi: kumuuliza mtu kama kaona kidani ni kumwita mwizi kwa adabu, na yeye hakulelewa hivyo. Hakumuuliza mtumishi. Reem ndiye hasa aliyemficha, maana alimwona anavyoimba akipiga pasi, akamhurumia.

Alimwambia Shariffa tu.

"Wakusanye sebuleni," Shariffa akasema, jicho likimng'aa. "Kama inspekta. Mwizi utamwona usoni."

"Wifi, hii si sinema."

"Nnajua. Lakini utamwoza mtoto na hili likikukaa rohoni?"

Hilo ndilo lililomuuma.

Jumamosi alasiri Bi Buthaina akaja na dada yake Khulood. Halwa ikawekwa, Reem akaenda jikoni kuleta kahawa. Bi Kheiria akajitengeneza kanga mabegani. Akakumbuka mama zake wa Unguja: neno zito husemwa kwa fumbo, na mwenye kujijua atajijua. Fumbo haligombi na mtu. Akakohoa.

"Jana mimi na wifi tumeona kisa kwenye televisheni. Mgeni kapewa chumba asalie. Alipotoka, kidani cha mwenye nyumba hakipo. Inspekta akamjua kwa harufu, maana kitambaa kilinukia udi wake."

Shariffa akainamisha kichwa. Khulood alikuwa na kipande cha halwa mkononi, kikabaki hapo hapo.

"Waingereza tangu lini wakasali alasiri?" Bi Buthaina akauliza taratibu.

Aibu ilimpanda Bi Kheiria mpaka masikioni, lakini maneno yalikwishatoka.

Bi Buthaina akachukua mkoba wake, akaufungua, akaupindua juu ya zulia. Zikaanguka funguo, dawa za sukari, tasbihi, miwani, leso na peremende mbili za wajukuu.

"Tafuta, Bi Kheiria. Nna umri wa miaka sitini na nane. Sijapata kupekuliwa, lakini tafuta."

Reem alikuwa mlangoni na dele la kahawa. Alitazama vitu vile juu ya zulia, kisha akamtazama mama yake.

"Kidani?" akasema. "Kidani nimekichukua mimi, mama. Kiko sokoni Matrah kwa sonara. Ulisema huwezi kukivaa harusini kwangu kwa sababu ndoana imekatika. Nikataka nikushtukize."

"Na udi?" Sauti ya Bi Kheiria ilikuwa ndogo.

"Alinipa Mama Buthaina Jumatatu akiondoka, kikopo kidogo. Najifukizia chumbani kwangu, na kidani nilikichukua kwa mikono hiyo hiyo. Niliona haya kukuonyesha."

Kwenye televisheni picha ingeishia hapo, muziki ukalia na majina yakapanda. Hapa hakuna kilichoisha. Bi Buthaina aliinama akaokota vitu vyake kimoja kimoja, na Bi Kheiria alipotaka kumsaidia akamzuia kwa kiganja.

"Reem, mwanangu, nawe sina neno," alisema akijifunga shela. "Lakini nyumba niliyosali nikageuka mwizi, sijui nitairudia kwa uso gani. Nitazungumza na Azzam."

Wakatoka bila kunywa kahawa. Bi Kheiria aliwafuata mpaka kwenye lifti akiomba radhi kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, na mlango wa lifti ukajifunga.

Aliporudi, Shariffa alikwisha kupanda kwake. Reem ameketi chini, dele bado mapajani.

"Mimi mbona hukuniuliza, mama?"

"Nilikuonea huruma, mwanangu. Sikutaka kukutia majonzi."

"Yule inspekta wenu, kabla hajamnyooshea mtu kidole, huwauliza wote. Nyinyi mmemtazama miaka minne, mkachukua kidole tu."

Bi Kheiria akalia waziwazi kama alivyolia siku ya msiba. Reem hakumnyamazisha. Simu yake ikaanza kuita juu ya zulia, na jina lililotokea lilikuwa la Azzam.

"Nimwambie nini?" Reem akauliza.

Mama yake hakujua.