Sifuri Kwenye Fomu ya Verlene

Verlene Stiltner alimwonea kijicho Ardith Napier tangu usichana wao, ila kijicho cha mwaka huu kilikuwa cha nyama. Walikuwa wajane wawili katika jengo la wazee huko milimani Kentucky, pensheni karibu sawa, ukuta mmoja katikati. Kila mwezi serikali ilijaza kadi zao za chakula: ya Verlene dola ishirini na nne, ya Ardith mia moja thelathini na nane. Jumapili harufu ya nyama ya kuoka ikapita chini ya mlango, ikamkuta Verlene na maharage ya siku ya tatu.

Akaenda kugonga.

"Ardith, umemhonga nani kule ofisini?"

"Hata salamu, shoga?"

"Salamu utapata ukinijibu."

Ardith akacheka, akamwonyesha risiti tele: dawa, miwani, meno ya bandia, mafuta ya gari ya kwenda hospitali. "Ukishapita sitini, matibabu unayolipia mwenyewe yakizidi dola thelathini na tano kwa mwezi, kinachozidi wanakitoa kwenye kipato chako. Kipato kikishuka, chakula kinapanda. We kwenye fomu, pale pa matibabu, uliandika nini?"

"Sifuri."

"Na vidonge vyote vile?"

"Si wangeuliza hela ya dawa natoa wapi, wakaninyang'anya hata hizo ishirini na nne! Baba alituambia, mtu wa serikali akikuuliza, wewe mzima na huna kitu."

"Baba yako alikuwa anaficha pombe ya magendo, Verlene. Sio vidonge vya presha."

Jumatatu Ardith akampeleka ofisini kwa gari lake. Karani, binti mpole, akapokea orodha ya duka la dawa.

"Kuna kingine, mama?"

Kilikuwepo. Miaka mitatu Verlene alikibeba kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, ili hata watu wote duniani wakijua, Ardith asijue. Na Ardith huyo, ameketi pembeni yake. Verlene akatazama dari. Akafikiria maharage.

"Nepi," akasema. "Za watu wazima. Daktari ndiye aliyeniandikia. Dola arobaini kwa mwezi."

Ardith hakucheka. Hilo nalo lilimuudhi Verlene.

Baada ya wiki tatu barua ikaja: dola sabini na tisa. Furaha haikumaliza hata dakika. Alishapiga hesabu: Ardith bado anamzidi kwa hamsini na tisa. Akagonga tena.

"Mbona bado unanipita? Una nini ambacho mimi sina?"

"Figo mbovu," Ardith akasema. "Nasafishwa damu mara tatu kwa wiki, maili sitini kwenda, sitini kurudi. Kwani ulidhani Jumanne, Alhamisi na Jumamosi huwa naenda wapi?"

"Kwa mwanamume."

"Mwanamume!"

"Si unapaka rangi ya mdomo!"

Ardith alicheka mpaka akashika ukuta. Verlene akajikalia kitini bila kukaribishwa. Alitafuta neno la pole, likamtoka lile alilolizoea.

"Hata hivyo, una gari."

"Basi Jumanne liendeshe wewe," Ardith akasema, akifuta macho. "Wakati wa kurudi huwa naona kizunguzungu."