Karatasi ya Pampu za Upepo

Septemba 1975 Yotamu alishuka kwenye lori la mpunga huko Usangu, ana mfuko wa karatasi za matangazo na kikohozi. Matangazo kayaandika mwenyewe. Darasa la nne tu, lakini kampuni ya pampu za upepo pale Uyole ilimpenda, maana maneno yake yaliwaingia watu kama uji. "Dizeli imepanda bei, upepo haujapanda. Funga pampu, ng'ombe wanywe." Aliyaandika dirishani Uyole, upepo wa mlimani ukimpokonya karatasi. Usangu alikuwa hajawahi kufika kabla ya siku hiyo. Wakubwa wa kampuni walikwisha kufika, wakaona hakuna upepo, wakanyamaza.

Shigela, mfugaji wa hapo, alikuwa ameuza madume sita akanunua pampu. Ilisimama juu ya kisima, mapangaboi yametulia tuli. Ng'ombe watatu walikuwa wamelala kando, na hawakuwa wa kuamka.

"Tusomee mwenyewe, mwandishi," alisema Ng'washi, mke wa Shigela, Yotamu alipojitambulisha. "Labda sisi tulisoma kichwa chini."

Yotamu akasoma. Alipofika penye upepo, upepo ukatoka karatasini, mapangaboi yakazunguka, maji yakaja. Alipokohoa, yakakatika. Ng'washi akaichukua karatasi akasoma yeye. Mapangaboi hayakutikisika.

"Basi inamtaka mwenyewe," alisema Shigela, akamletea kigoda. "Kaa, mzee. Ng'ombe wapo mia na kumi."

Alisoma siku nne. Ya pili aliandika barua Uyole: acheni kuuza, huku upepo hakuna, nimewadanganya watu. Ya nne meneja akaja na Landrova, akakuta maji yanamwagika.

"Mbona inafanya kazi? Unalia nini?"

"Nikinyamaza inasimama, Ndugu Meneja."

"Basi usinyamaze. Watu wa Idodi wanataka pampu arobaini. Niandikie tangazo lao, nasubiri hapahapa."

"Mimi ni mmoja."

"Ndiyo maana tunachapa nakala elfu."

Marehemu Apolonia, mkewe Yotamu, angemnyang'anya kalamu. Hakuwapo wa kumnyang'anya. Yotamu aliwatazama Shigela na Ng'washi; wote wawili walikuwa wakihesabu ng'ombe ambao bado hawajanywa. Akaweka karatasi mpya gotini. Kwa mkono akaandika, "Ndugu wa Idodi, upepo wenu ni mali," na kwa mdomo akaendelea kusoma ile ya zamani, kwa aibu, kwa sauti kubwa, foleni ya ng'ombe isonge.