Lazare na Wimbo Wake wa Kirusi

Mume wangu Lazare alikuwa na sauti ambayo kanisa letu halikujua iwekwe wapi. Kwaya yetu ya Guildford, hapa Sydney, inajua sauti mbili za wanaume, besi ya chini na tena ya juu, basi. Yeye alisema yake ni baritoni, inakaa katikati ya hizo mbili, na wenzake wakamcheka kwamba katikati hukaa watu wasioweza kuamua. Lazare hakuwa mtu wa kubishana. Ubishi wa nyumba nzima niliachiwa mimi.

Sauti hiyo ilifundishwa Urusi, enzi zile serikali ya Burundi ilipompeleka kusomea mambo ya mabomba ya maji. Mabomba aliyasoma, lakini jioni alikwenda kwa mama mmoja mwalimu aliyemfundisha opera, ile michezo ambayo watu hawasemi, wanaimba tu mpaka wafe. Kabla hajarudi nyumbani walimrekodi kanda moja, nyimbo tisa za Kirusi pamoja na piano. Kanda ile iliungua na nyumba yetu kule Kamenge, Burundi, vitani mwaka wa tisini na tano. Tulipoteza mengi mwaka ule, ila kanda hiyo ndiyo aliyoendelea kuitaja, kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma na hata hapa Sydney.

Mwaka huu, mwezi wa tano, daktari akatuambia uvimbe wa kooni ni saratani na umeshakua. Wangetoa zoloto lote, kile kiungo chenyewe cha sauti, na Lazare angepumua kwa tundu la shingoni. Aliuliza kama ataweza kuimba. Daktari akamtazama binti yetu Vanessa, aliyekuwa akitufasiria, kana kwamba yeye ndiye ajibu.

Ndani ya treni ya kurudi nyumbani Ingleburn, Lazare alinishika mkono, jambo ambalo hafanyi mbele za watu.

"Spéciose, nataka wimbo mmoja tu ubaki. Sauti yangu peke yake, toka mwanzo mpaka mwisho."

Nikamwambia ataupata. Nilisema kwa kujiamini kabisa, maana mimi nikishika jambo silegezi.

Wakati huo sauti yake ilidumu dakika tano hivi kwa siku, halafu inakwaruza kama mlango mbovu. Katika zile nyimbo tisa akachagua mmoja, wa mtu anayeuaga mto wa kwao, wenye noti ya mwisho ndefu inayoshuka polepole. Operesheni ilikuwa Jumanne. Jumamosi mchana tukafungua ukumbi wa kanisa. Vanessa aliazima maikrofoni ya kuchomeka kwenye simu. Trésor, anayeendesha folklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, kwenye bohari huku Ingleburn na kutupigia kinanda Jumapili, alikuwa amejifunza wimbo kwa kumsikiliza Lazare akiuimba kwa kuguna. Nilimwonya kwamba leo hakuna sebene, ule mdundo wa dansi, asije akaanza kuchezesha watu.

Akina mama nilikuwa nimewaomba wasije. Wakaja wote, na mandazi na sufuria ya maharage. Kwetu mgonjwa haachwi aende kuimba peke yake ukumbini, hata akitaka. Nikawapanga viti vya nyuma, nikawaambia atakayekohoa atanijua.

Lazare alivaa suti aliyoshonewa kwa harusi ya mdogo wangu. Akafumba macho, akaimba. Jamani, aliimba. Miaka thelathini nimelala na mtu huyu na sikuwa nimewahi kumsikia hivyo. Sikuelewa neno hata moja, na machozi yakanitoka.

Lakini akina mama walikuwa kimya mno. Kwetu mtu akiimba vizuri wanawake humwitikia. Tukinyamaza wote hivyo, basi mbele yetu kuna jeneza. Sikuwa nimelifikiria hilo kabla. Nililifikiria pale, nikimwona amesimama na suti, macho yamefumbwa, na sisi na vitenge vyetu tumetulia nyuma. Hofu ikanishika mwili mzima. Noti ya mwisho ikaanza kushuka, na mimi nikapiga kigelegele.

Sikuamua. Kilitoka tu, na wote nyuma wakakipokea, na Trésor akadhani ameruhusiwa, akaingia na sebene.

Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu yalifika kabla sijafunga mdomo. Lazare alifumbua macho. Akajaribu tena mara mbili, kikatoka kikwaruzo. Vanessa akazima simu, na mandazi hayakuliwa.

Ndani ya gari Lazare aliniambia, "Nilikuomba kitu kimoja."

Hakusema tena, si Jumapili wala Jumatatu. Daktari alikuwa amemwambia apumzishe koo, kwa hiyo hadi leo sijui kama alikuwa anapumzisha koo au amenikasirikia. Jumanne wakalitoa zoloto.

Siku hizi anaandika kwenye kibao cheupe. Walimpa kimashine cha kubana shingoni ili kimsemee, akakijaribu mara moja, kikanguruma kama mashine ya kunyolea, akakitia kwenye droo. Wiki iliyopita nilijikaza nikamuuliza kama amenisamehe. Alishika kalamu. Akaandika: *Leo ni zamu ya pipa la njano.* Nikalitoa pipa la taka nje, barabarani.

Vanessa aliniambia, "I can cut you out, Mum. It's easy." Yaani kuniondoa kwenye rekodi ni kazi rahisi. Akanikata kweli. Ila pale nilipopiga kigelegele ndipo ilipokuwa noti ya mwisho, ikakatwa nami.

Kila asubuhi Lazare anauweka wimbo ule sebuleni. Unafika pale, unakatika. Yeye anafungua mdomo aumalizie, na hewa inatoka shingoni. Mimi huwa nimesimama jikoni, nimejiziba mdomo kwa mikono miwili.