Mji Ulioungua Upande wa Kushoto

Mchora mabango alikuwa na maringo, na tusimwonee: alikuwa na haki nayo. Miaka kumi na tisa aliandika majina ya saluni, bucha na maduka ya dawa, na hakuna herufi yake iliyowahi kupinda. Siri yake ilikuwa miraba. Anapiga miraba midogo juu ya mfano, anapiga mikubwa ukutani, kisha anahamisha mraba mmoja mmoja, haongezi wala hapunguzi. Kubuni hakukujua. Kunakili, jamani, huyo mama aliweza.

Ndiyo maana chuo cha ufundi kilipotangaza kwamba kinatafuta picha ya mji wa miaka mia ijayo, itundikwe ukumbini, yeye hakuhangaika kuota ndoto. Alikwenda kwenye kibanda cha mdogo wake, fundi simu, akaokota bodi moja, kile kibao cha umeme cha ndani ya simu, kwenye ndoo ya taka. Ukiitazama kwa karibu, bodi ni mji mzima: barabara za rangi ya shaba, majumba meusi ya pembe nne, vibanda vya rangi ya fedha vimepanga foleni. Akaukuza mji huo kwenye ubao mkubwa kama mlango. Akatia madirisha, magari yasiyo na dereva, bustani juu ya mapaa, na taa kila mahali. Ikikubaliwa, ingekuwa picha yake ya kwanza isiyouza kitu chochote, yenye jina lake mwenyewe chini. Aliitaka nafasi hiyo mpaka chakula kikawa hakipiti.

Mdogo wake alikuwa akipita kuitazama. Siku moja akauliza, kwa utani tu, yeye humo anakaa wapi. Dada mtu akamjibu huku anacheka kwamba huko vitu haviharibiki, atafute kazi nyingine. Fundi naye akacheka, ila kicheko chake kilikuwa kifupi. Wateja walikuwa wakimwambia hayohayo kila wiki, kwamba siku hizi simu haitengenezwi, inatupwa.

Asubuhi ya kuipeleka picha, fundi alikuja na kamba ya kuifungia. Akaizungusha mara moja, akasita. Akaishusha miwani yake ya kukuzia kutoka kwenye paji la uso na kuinama kwenye kona ya kushoto.

"Dada, bodi hii uliitoa wapi?"

"Si kwenye ndoo yako?"

"Ndoo yangu ni ya bodi zilizokufa."

Akamwonyesha kwa kidole. Njia inayopeleka umeme upande wa kushoto ilikuwa imeungua na kukatika, pengo dogo lenye weusi kando kando, na dada yake, kwa uaminifu wake wote, alikuwa amelinakili pengo na weusi wake. Yaani nusu ya mji wa kesho ilikuwa inawaka taa bila umeme. Na waliokuwa wanaisubiri picha hiyo saa nne ni walimu wa umeme!

Dada mtu akaikimbilia mikebe yake ya rangi. Fundi akamtuliza: apige mstari mmoja wa rangi ya shaba, pengo lizibike, yaishe. Ushauri mzuri kabisa. Akachovya brashi, akaifikisha penyewe, kisha akaganda. Mdogo wake alikuwa bado ameinama, miwani machoni, mgongo umepinda vile unavyopinda kutwa nzima kibandani. Mchora mabango akaona aibu, na haikuwa aibu ya pengo.

"Kaa hivyohivyo," alisema. "Usitikisike."

Akachora bila miraba, kwa mara ya kwanza maishani. Akamchora mtu mdogo kama njiti ya kiberiti, ameketi ukingoni mwa pengo, shati la mistari, chuma cha kulehemu mkononi. Kisha akazizima kwa rangi nyeusi taa zote za kushoto, akabakisha moja, iliyo jirani na yule mtu, ndiyo kwanza inaanza kuwaka. Aliporudi nyuma kuitazama, alijua hajawahi kufanya kazi nzuri kuliko hiyo.

Chuoni, mkuu wa walimu wa umeme, mzee asiyejua kusifia, alikwenda moja kwa moja kwenye pengo.

"Hapa pameungua."

"Pameungua, ndiyo," alisema mchora mabango, kidevu juu. "Ndiyo maana fundi yupo."

Mzee akainama. Alimchunguza yule mtu mdogo muda mrefu, mpaka fundi simu akaanza kuifungua kamba iliyokwisha kufunguliwa. Hatimaye mzee akaagiza picha isitundikwe kule juu ya mlango ilikopangiwa. Iteremshwe usawa wa macho ya wanafunzi, kwa sababu kule juu yule mtu hataonekana.

Basi ikabidi ukuta utobolewe upya, na mashine ya kutobolea, ya chuo hicho cha ufundi, ilikuwa mbovu tangu mwezi uliopita. Walikuwa wanangoja kununuliwa nyingine. Fundi simu akashusha miwani yake, akaomba bisibisi. Dada yake akachuchumaa kando yake, akakinga kiganja, akamshikia skrubu.