Siku ya Kumi Pale Wexcombe

Kosa lilikuwa langu, wala sina wa kumsingizia.

Januari 2003, asubuhi, nilikuwa nakaanga maandazi nje ya geti la shule ya sekondari ya Wexcombe, Troyeville. Gari jeupe la serikali likasimama. Akashuka bwana mwenye faili, akamwuliza mlinzi, "Watoto wote wamefika?"

Mtu aliyewahi kulala siku tisa mahabusu akisubiri kurudishwa kwao hangoji kusikia swali la pili. Nilimrudisha nyumbani binti yangu Ilham palepale, huku akinung'unika, "Hawu, Mama, leo nina mtihani." Kisha nikampigia Murielle, Mkongo anayesuka nywele Jeppestown, mtaa wa jirani. "Wamekuja kuhesabu wageni. Ficheni watoto." Ukimwambia Murielle neno, kabla hajamaliza msuko mmoja mtaa mzima umeshalipata.

Saa tatu mkuu wa shule, Bwana Petersen, akatoka jasho likimtiririka. "Mama Ilham, watoto wako wapi?"

"Wako salama," nikamkonyeza.

Hakucheka. Akanieleza kwamba kila mwaka, siku ya kumi ya masomo, idara ya elimu huja kuhesabu vichwa madarasani. Wakiwa chini ya mia nne, shule inafungwa na watoto wanagawiwa shule nyingine. "Nina mia mbili na tisini. Yule bwana anamaliza saa sita."

Wexcombe ilijengwa 1927 kwa watoto wa Waingereza. Picha zao zimejaa ukumbini, mwaka baada ya mwaka, makofia yamewakaa kama sufuria. Ubaguzi wa rangi ulipokwisha 1994 walihamia vitongoji vya mbali, na sisi tukajaza viti: Wazulu, Wakongo, Watanzania. Ilham alikuwa darasa la mwisho. Shule ikifungwa, angemalizia kwa walimu wasiomjua, teksi mbili kwenda na mbili kurudi. Na mimi ndiye niliyeifunga, kwa simu ya dakika moja.

Nikamwachia mlinzi karai, nikakimbia.

Saluni ya Murielle ilikuwa imejaa watoto wenye sare, wamejibanza nyuma ya viti. "Weye ndjo ulisema tuwafiche," akaniambia. "Sasa tuwatoe? Umekunywa nini asubuhi yote hii?"

"Nilikosea. Wanahesabu wanafunzi tu."

Ruphin, fundi cherehani wa mlango wa pili, akatikisa kichwa. "Labda wamekukamata, Mama Ilham, wanakutuma utuvute. Na mtoto wako ana baba wa hapa. Wa kwangu ana nini?"

Alisema kweli. Marehemu mume wangu alimwachia Ilham uraia. Mimi aliniachia jina tu, na kibali changu kilikwisha Oktoba.

"Basi nitaingia mimi," nikasema. "Nitamwambia yule bwana kwamba mimi ni mgeni. Simameni pale kwenye robot, kwenye taa za barabarani, mtazame. Akinitia garini, kimbieni, na maandazi yangu myale."

Hakuna aliyecheka. Wakanifuata hadi kona.

Nilivuka barabara. Bwana wa faili alikuwa uani. "Shikamoo," nikaropoka kwa Kiswahili, kisha nikamwambia kwa Kiingereza chochote kilichokuja: mimi Mtanzania, karatasi zangu hazijakaa vizuri, nina mtoto hapa.

Akanitazama kama mtu aliyekatizwa chai. "Darasa gani?"

"La kumi na mbili."

"Mbona hayupo kitini? Mlete. Mimi naandika wanafunzi, mama. Wanaokagua karatasi wana ofisi yao."

Nikageuka, nikavua kitambaa cha kichwa, nikakipunga hadi mkono ukauma.

Wakamiminika. Binti mmoja kasukwa upande mmoja tu, mwingine anafunga viatu akiruka mguu mmoja. Habari zikamfikia Ilham nyumbani, akaja na wenzake saba aliowakusanya njiani, akanipita haraka watu wasijue mimi ni mama yake. Ruphin alimshika mwanawe mkono hadi darasani, akabaki mlangoni kifua mbele.

Saa sita kasorobo, Bwana Petersen akasoma hesabu ukumbini: mia nne thelathini na moja. Watoto wakaanza wito wa kushangilia shule, uliopigwa na wale wa makofia enzi hizo, ila wa kwetu ulikuwa na vigelegele vya Murielle na miguu ya Kizulu ikitwanga sakafu mpaka fremu za picha zikacheza ukutani.

Novemba Ilham alifanyia mtihani wake wa mwisho ukumbini humo, safu ya mbele, dakika kumi tu kutoka nyumbani kwa miguu.